Saa Zisizopatana: Tarehe ya Televisheni Mubashara Katika Kompyuta ya Nyumbani

Picha zinazoonyeshwa na kompyuta iliyowekwa sebuleni ili itumike badala ya televisheni ni za namna mbili, na atakaye kuyaelewa maradhi ya mtambo huo sharti aanze kwa kuzitofautisha. Namna ya kwanza ni picha iliyokwisha kuhifadhiwa: filamu iliyomo ndani ya diski, ambayo mwenye nyumba huianzisha apendapo, huisimamisha akiitwa mlangoni, na ambayo, kompyuta ikichelewa kidogo kuisoma, husubiri bila ya lawama mpaka kazi itimie. Namna ya pili ni picha mubashara, inayotoka kituoni saa hii hii, ambayo haimjui mtazamaji wala haimngoji, nayo hufika kwa mwendo uliopangwa na saa ya watu wengine walio mbali.

Kwa muda wa miaka 20 na zaidi wapenzi wa sanaa hii wamestaajabu kuona kwamba kompyuta ile ile iliyoonyesha filamu ya saa tatu bila ya dosari hukwama, hugugumia, na kuiacha sauti iachane na midomo ya msemaji, mara tu inapofunguliwa taarifa ya habari. Makala haya yanakusudia kudhihirisha, kwa njia ya tarehe, kwamba hitilafu hizo, ingawa sura zake ni nyingi na dawa zake ni mbalimbali, kwa sehemu kubwa zina asili moja: mkataba wa wakati uliofungwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambao televisheni ya zamani iliutii kwa maumbile yake, na ambao kompyuta, kwa kuwa ilizaliwa na saa zake yenyewe, ililazimika kufundishwa kuutii.

Mkataba huo ulianza kutumika hadharani tarehe 2 Novemba, 1936, pale Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilipofungua huduma ya kudumu ya televisheni kutoka jumba la Alexandra Palace, kaskazini ya London. Mitambo miwili ilipewa nafasi ya kushindana kwa zamu, ule wa John Logie Baird wenye mistari 240 na ule wa kampuni ya Marconi-EMI wenye mistari 405. Na haikupita miezi minne ila ule wa kwanza ukaachwa. Mtambo uliobaki ulipeleka picha 25 katika kila sekunde, lakini kila picha iligawanywa nusu mbili: kwanza ilichorwa mistari ya witiri, kisha ikafuata mistari ya shufwa kujaza nafasi zilizoachwa, hata jicho likapokea mapigo 50 kwa sekunde na lisiudhike kwa kumetameta, ilhali upana wa masafa uliotumika ulikuwa ule ule wa picha 25. Wala hesabu ya 50 haikuchaguliwa kwa bahati: ndiyo hesabu ya mizunguko ya umeme wa majumbani katika Uingereza, na wahandisi waliipenda kwa sababu athari ya umeme huo, ikipenya katika seti, ingetulia mahali pamoja katika kioo badala ya kutambaa juu na chini na kuharibu picha.

Marekani, ambako umeme huzunguka mara 60, walichagua mwaka 1941 mistari 525 na nusu-picha 60 kwa sekunde. Na rangi ilipoidhinishwa katika Desemba 1953, wahandisi wao, kwa kuhadhari mgongano baina ya wimbi la rangi na wimbi la sauti, walipunguza mwendo huo kwa sehemu moja katika 1001, ukawa 59.94. Punguzo hilo dogo, ambalo hakuna mtazamaji wa zama zile aliyelihisi, lingekuja kuwasumbua wajukuu zao. Nchi zetu za Afrika Mashariki, kwa kuwa zilirithi umeme wa mizunguko 50, zilirithi na televisheni ya mapigo 50: Kenya tangu mwaka 1962, Zanzibar tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa rangi kabla ya majirani zake, na Tanzania Bara tangu mwaka 1994.

Yafaa msomaji aitafakari tabia ya seti ya zamani, maana humo imo siri ya mambo yote yaliyofuata. Seti ile haikuwa na kumbukumbu. Haikuweza kuweka hata picha moja kwa ajili ya baadaye. Kila mstari uliofika ulitanguliwa na pigo la ishara lililouamuru mshale wa elektroni urudi ukingoni mwa kioo na kuanza tena, na kila nusu-picha ilitanguliwa na pigo jingine lililouamuru urudi juu. Na mshale ukatii papo hapo. Kituo kikiharakisha kidogo, seti iliharakisha pamoja nacho, kikipunguza, ikapunguza. Katika mji mzima, hata ziwepo seti elfu mia, saa ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kituoni.

Kompyuta ya nyumbani iliingia katika jambo hili miaka ya 1990, na iliingia kwa unyenyekevu. Kadi za kupokea televisheni za wakati ule, nyingi zikiwa zimejengwa juu ya kidude cha Bt848 cha kampuni ya Brooktree na mrithi wake Bt878, zilipokea mawimbi, zikayageuza kuwa tarakimu, na kuyamimina moja kwa moja katika kumbukumbu ya kadi ya picha. Na sauti aghalabu ilipitishwa kwa waya mfupi mpaka kadi ya sauti, bila ya kuguswa na akili ya kompyuta. Kwa kuwa hakikubanwa kitu wala kuhifadhiwa, hapakuwa na cha kuchelewa, na maradhi yalikuwa yale yale ya televisheni ya kawaida: chenga, vivuli na mvumo. Taabu ilianza pale watu walipotamani kurekodi. Picha kamili ya Ulaya, isiyobanwa, ilihitaji kiasi cha baiti milioni 20 kwa sekunde, mzigo ambao diski za majumbani za zama zile hazikuuweza kwa muda mrefu. Ndipo kampuni ya Hauppauge, ya jimbo la New York, na wenzake wakatengeneza kadi, kama ile ya PVR-250, zilizobeba ndani yake kidude cha kuibana picha kabla haijaifikia kompyuta. Tangu hapo picha ya televisheni iliingia nyumbani ikiwa imefungwa, na kila kilichofungwa huhitaji muda wa kufunguliwa.

Wakati huohuo vituo vyenyewe vilikuwa vinageuka. Katika mwaka 1993 watangazaji na watengenezaji wa Ulaya waliunda jumuiya ya DVB ili waafikiane juu ya utangazaji wa kidijitali, na mwaka 1995 kanuni ya MPEG-2 ilichapishwa, ikiweka sheria ya namna ya kubana picha na sauti na namna ya kuzisafirisha. Waliotunga kanuni hiyo walijua vyema kwamba lile pigo la ishara la mwaka 1936 limekufa, kwani tarakimu zilizobanwa hazifiki kwa mwendo wa picha zenyewe: picha yenye mambo mengi huchukua nafasi kubwa, na iliyotulia huchukua ndogo. Kwa hiyo wakati wenyewe uliandikwa ndani ya matangazo. Mkondo uligawanywa katika pakiti za baiti 188 kila moja, na mara nyingi katika kila sekunde kituo hupachika humo usomaji wa saa yake yenye mizunguko 27,000,000 kwa sekunde, nayo hairuhusiwi kukosea zaidi ya mizunguko 810; kisha kila picha na kila kipande cha sauti hupigwa muhuri unaosema kitaonyeshwa au kusikizwa lini, kwa kuhesabu sehemu 90,000 za sekunde. Mpokeaji mwaminifu alitakiwa kuirekebisha saa yake daima ifuatane na ile iliyoandikwa. Kwa namna hiyo amri ya zamani iligeuka kuwa ombi, na ombi laweza kupuuzwa.

Waliokuja kuibeba kazi hii mabegani walikuwa watu binafsi zaidi kuliko makampuni. Ni kweli kwamba mwaka 1999 vyombo vya TiVo na ReplayTV viliuzwa Marekani, vikimwezesha mtazamaji kusimamisha matangazo yanayoendelea na kuyarudia, nao waliovitengeneza walisimama juu ya hukumu ya mwaka 1984, ambapo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba raia kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si kosa. Lakini mwaka 2000 Klaus Schmidinger wa Ujerumani aliitoa bure programu yake ya VDR, iliyoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa kinasa picha cha setilaiti. Mwaka 2002 Isaac Richards wa Marekani, aliyechoshwa na ubovu wa king'amuzi cha kampuni ya kebo, alianza kuandika MythTV. Na mwaka huohuo likazaliwa, kwa ajili ya mtambo wa michezo wa Xbox, chipukizi la programu ambayo baadaye iliitwa XBMC, ikapata uwezo rasmi wa televisheni mubashara katika toleo la Januari 2013, na mwaka 2014 ikabadilishwa jina kuwa Kodi. Microsoft nayo ilitoa Windows yake ya Media Center mwaka 2002, kisha katika Windows 10 ya mwaka 2015 ikaiacha. Na walioizoea wakahamia kwa wale waliokuwa wakifanya kazi kwa mapenzi tu. Nawataja watu hawa kwa heshima, maana maarifa tuliyo nayo leo juu ya hitilafu za televisheni ndani ya kompyuta yalikusanywa nao na maelfu ya wenzao, kwa subira na bila ya ujira.

Watumiaji wa mwanzo wa VDR walipata raha moja ambayo haikudumu. Kadi walizozitumia zilikuwa zenyewe na kidude cha kufungua MPEG-2 na tundu la kuunganisha televisheni, kwa hiyo picha ilipokelewa, ikafunguliwa na kutolewa mahali pamoja, chini ya saa moja iliyofuatana na ya kituo, na kompyuta ilibaki karani wa kuandika rekodi. Picha za uangavu mkubwa zilipokuja, zikiwa zimebanwa kwa kanuni mpya ya H.264, vidude vile havikuziweza. Kazi ya kuzifungua ikahamia kwenye kichakataji kikuu cha kompyuta, na baadaye kwenye kadi ya picha, hasa baada ya NVIDIA kutoa njia yake ya VDPAU mwaka 2008. Hapo ndipo saa moja ilipogeuka kuwa tatu. Ya kwanza ni saa ya kituo, iliyoandikwa katika mkondo. Ya pili ni saa ya kadi ya sauti, inayotoa sampuli 48,000 kwa sekunde kwa makadirio ya kijiwe chake cha kupimia wakati. Ya tatu ni saa ya kioo, kinachojipaka upya mara 50, 59.94 au 60 kwa sekunde, kisimwulize mtu.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme kijiwe cha kadi ya sauti kinakwenda mbio kuliko saa ya kituo kwa sehemu 100 katika milioni, kosa lisiloweza kutambuliwa na sikio lolote. Kwa saa moja limekuwa sekunde 0.36. Katika filamu iliyohifadhiwa halina madhara, kwa kuwa picha husogezwa zifuatane na sauti, na diski hutoa kila kinachoombwa. Lakini katika matangazo mubashara kompyuta inakula upesi kuliko inavyopakuliwa, na akiba ya sekunde moja, iliyowekwa mwanzoni ili kuhimili misukosuko, huisha kabla ya saa tatu kutimia. Hapo picha hukwama, sauti hukatika, kisha mambo hurejea kuwa sawa, na mwenye nyumba, ambaye hakugusa chochote, hulaumu antena, kebo au mvua. Kinyume chake, kijiwe kikienda polepole, akiba hujaa mpaka ikafurika, na picha zikatupwa. Dawa zilizobuniwa ni za namna mbili tu: ama kutupa au kurudia picha moja moja kadiri ya haja, ama kuinyoosha sauti kwa kiasi kidogo mno kisichosikika ili ilingane na saa nyingine, nazo zote zimo leo katika programu kubwa.

Kutokana na tajiriba hiyo ndefu mafundi waliweka taratibu ya kutafuta ila ambayo yastahili kuandikwa. Jaribio lao la kwanza ni kurekodi kipindi kinachosumbua, kisha kukitazama baadaye mahali palipoharibika. Rekodi ikionyesha kasoro ile ile katika sekunde ile ile kila inaporudiwa, basi tarakimu zilipotea kabla hazijafika diskini, na kosa liko upande wa mapokezi. Rekodi ikiwa safi, mapokezi hayana hatia, na kosa liko upande wa kufungua, kupanga wakati au kuonyesha. Shahidi wa pili yumo ndani ya pakiti zenyewe: kila pakiti ya fungu moja hubeba namba ya zamu, kutoka 0 mpaka 15 kisha 0 tena, na programu kama Tvheadend huhesabu kila zamu inayorukwa. Hesabu hiyo ikipanda, ni bure kubadilisha mipangilio ya picha. Ikitulia, ni bure kupanda juu ya paa.

Upande wa mapokezi una hila zake. Katika matangazo ya DVB ya kizazi cha kwanza, kila pakiti ya baiti 188 iliongezewa baiti 16 za kinga, zenye uwezo wa kurekebisha mpaka baiti 8 zilizoharibika. Maana yake picha hubaki kamili wakati mawimbi yanadhoofika, kisha kwa upungufu kidogo tu ikavunjika vipande vipande, bila ya zile chenga za zamani zilizomwonya mtu mapema. Aidha, nguvu ya mawimbi na ubora wake ni mambo mawili, na kiongeza nguvu kilichowekwa pasipohitajika huzidisha ya kwanza na kuua ya pili. Masafa yaliyokuwa ya televisheni yalipogawiwa simu, ndipo majumba kadhaa ya Uingereza, tangu mwaka 2013, yakahitaji vichujio ili kuzuia mawimbi ya simu ya karibu na megahezi 800 yasizibe vipokezi. Katika pwani yetu pana sababu nyingine iliyo nyepesi kuitaja na rahisi kusahauliwa: Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012, na Kenya ilipofuata mwaka 2015, kanuni iliyokubaliwa ilikuwa DVB-T2, ambayo kipokezi cha DVB-T cha kizazi cha kwanza hakiisomi hata kidogo. Aliyeletewa kipokezi cha namna hiyo kutoka ng'ambo atatafuta stesheni usiku kucha asione hata moja, na antena yake haina kosa. Kadhalika kituo kilichofungwa kwa ufunguo wa malipo huonyesha nguvu timamu, ubora timamu, na kioo cheusi.

Ikithibitika kwamba tarakimu zinafika salama, fundi huuliza nani anazifungua. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotoka mwaka 2012 na kupendwa majumbani kwa bei yake, ilifungua H.264 kwa wepesi, lakini uwezo wake wa MPEG-2 ulikuwa umefungwa mpaka mnunuzi alipe ada ya leseni ya pauni 2.40, na wengi walishangaa kuona filamu zao zinakwenda vizuri huku stesheni za kawaida zikitoa sauti bila ya picha. Baada ya hapo huja urithi wa mwaka 1936. Vioo vya leo huonyesha mistari yote kwa mara moja, na nusu-picha mbili zilizochukuliwa katika nyakati mbili, zikiunganishwa kwa pupa, humfanya mchezaji anayekimbia aonekane ana pindo zilizochanika mfano wa meno ya chanuo. Kuziunganua vyema ni kazi nzito ya akili, na programu zilizofanya hivyo kwa nusu, zikatoa picha 25 badala ya 50, zilitupa nusu ya mwendo wa mpira. Ni kosa linalofaa kuogopwa, kwa kuwa halivunji kitu: jicho huchoka tu, na mtazamaji hajui kwa nini.

Kisha huja kioo. Matangazo ya mapigo 50 yakionyeshwa katika kioo kinachojipaka mara 60, picha 10 katika kila sekunde hurudiwa, na maandishi yanayopita chini ya habari huenda kwa kurukaruka. Hiyo ndiyo hali ya kompyuta nyingi zinazotumika katika nchi zetu, ambazo hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa 60, na dawa yake ni kuziamuru zitumie 50. Marekani tofauti ya 59.94 na 60 huleta picha moja ya ziada kila baada ya sekunde 17 hivi, mdundo hafifu ambao mtu akishautambua hawezi kuusahau. Na hapo ndipo tunapowaona wahandisi wa 1953 wakiwafikia wajukuu zao.

Hitilafu mbili za mwisho nitazieleza kwa kuwa ni mashahidi wakubwa wa hoja yangu. Ya kwanza hutokea kituo kinapotoka katika matangazo ya biashara na kuingia filamu yenye sauti ya namna nyingine: orodha ya yaliyomo katika mkondo hubadilika ghafla, na programu iliyokwisha kuisoma orodha ya zamani hubaki bubu mpaka mtu aondoke katika stesheni na kurudi. Ya pili ni ya ajabu zaidi. Ile mihuri ya wakati huandikwa kwa biti 33, ambazo kwa hesabu ya sehemu 90,000 kwa sekunde hujaa baada ya saa 26 na nusu hivi, kisha hurudi sifuri. Programu isiyotazamia jambo hilo huona kwamba wakati umerudi nyuma zaidi ya siku nzima, ikaduwaa. Na kwa sababu saa 26 na nusu hazilingani na siku yetu, ugonjwa huo hausimami mahali pamoja: leo umetokea saa moja jioni, kesho utatokea saa tatu unusu usiku, na mwenye nyumba anayetafuta sababu katika mambo ya nyumba yake, kama vile jokofu kuwaka au jirani kuanza kuchomelea vyuma, hataipata milele, maana sababu imo katika saa ya kituo.

Waandishi wa MythTV waliliona mapema jawabu lenye busara, nalo ni kukiri kwamba kompyuta haikuumbwa kwa mubashara. Katika mpango wao kila stesheni inayofunguliwa huandikwa kwanza diskini, na mtazamaji huisomea huko akiwa nyuma kwa muda mfupi. Hivyo picha isiyongoja hupewa uwezo wa kungoja. Gharama yake ni ukawiaji wakati wa kubadilisha stesheni, ambao kwa kweli hauepukiki kabisa katika dijitali, kwa sababu kompyuta sharti isubiri orodha ya mkondo, kisha picha kamili ya kwanza, ambayo aghalabu huja kila baada ya nusu sekunde au zaidi, kisha akiba ijae. Mwenye pupa ya kuipunguza akiba ili stesheni zifunguke upesi hununua wepesi huo kwa kukatikakatika baadaye.

Siku hizi matangazo mengi hufika kwa intaneti, na njia iliyoenea, iliyoanzishwa na Apple mwaka 2009, hukata mkondo katika vipande vya sekunde kadhaa vinavyoombwa kimoja kimoja. Kwa mtazamo wa tarehe hii, ni hatua ya mwisho ya safari ile ile: kipande ni faili, faili hungoja, na mpokeaji ndiye anayeamua aombe lini. Ugomvi mwingi wa saa umetulizwa. Lakini umetulizwa kwa kuuacha ukweli wa neno mubashara, kwani nyumba mbili za mtaa mmoja zinazotazama mchezo mmoja hutofautiana kwa sekunde nyingi, na shangwe ya goli hupita ukutani kabla ya goli lenyewe. Umoja wa wakati uliokuwamo katika kila seti ya bei nafuu ya mwaka 1960 haumo tena katika mitambo yenye nguvu mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo naona kwamba sanaa ya kutibu televisheni ndani ya kompyuta ina haki ya kuhesabiwa miongoni mwa sanaa zenye adabu yake. Inamfundisha anayeishika asikimbilie kubadilisha kila kilicho mbele yake, bali aufuate mkondo tangu paani mpaka kioo, aulize katika kila daraja ni saa ya nani inayotawala hapo na kama inapatana na iliyotangulia, na asimhukumu yeyote kabla ya ushahidi kutimia. Inamfundisha vilevile kwamba kitu kilichoamuliwa katika chumba kimoja cha wahandisi, kwa sababu za umeme wa zama zao, chaweza kuishi miaka 90 katika nyumba za watu wasiowajua. Vijana wetu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, wanaofungua kompyuta kuukuu na kuzifanya zitazamwe na familia nzima, wanafanya kazi hii kila siku, na aghalabu wanaifanya kwa kubahatisha, kwa kuwa maarifa yake yameandikwa katika lugha za wengine. Yakiandikwa kwa Kiswahili, tena pamoja na tarehe yake, watajua sababu ya kila hitilafu, na ajuaye sababu hana haja ya kubahatisha.